Kiyoyozi kibovu si kosa la abiria

Nina dukuduku juu ya adha wanayoipata abiria katika mabasi ya mikoani yanayonadiwa kuwa yana viyoyozi.

Mwezi Februari 2025 nilisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Pale kituo cha Mbezi mpiga debe alinipokea mkoba wangu akaniambia, "Mzee, panda hili, ndani ni baridi tupu mpaka Dodoma." Nikalipa nauli ya daraja la kati bila kunung'unika. Kweli, tulipoondoka baridi ilikuwapo. Tulipofika Kibaha ilikwisha. Kilichotoka kwenye matundu yaliyo juu ya viti kilikuwa upepo wa vuguvugu, na baada ya Mlandizi hata huo ukakoma. Konda alipoulizwa alijibu, "Gari likichanganya litapoa." Gari lilichanganya lakini halikupoa.

Madirisha ya basi lile yalikuwa vioo vikubwa vilivyogandishwa kwa gundi, havifunguki hata kidogo. Dereva peke yake ndiye aliyekuwa na dirisha la kusukuma. Juu ya hayo, njiani walipakiwa watu wa kusimama mpaka njia ya katikati ikajaa. Chalinze tulifika tukiwa tumelowa jasho. Mtoto mmoja alitapika, mwingine alijisaidia katika nepi, na nyuma kulikuwa na kifurushi cha dagaa kilichoingizwa kwa siri. Harufu hizo zote zilikosa pa kutokea.

Miongoni mwa waliosimama alikuwapo kijana fundi mwashi, nguo zake bado zina saruji. Mama mmoja aliyeketi karibu naye aliziba pua kwa mtandio, akasema kwa sauti kuu, "Wengine mkitoka makazini muwe mnaoga kwanza!" Watu wakacheka. Kijana yule aliinamisha kichwa akasema, "Samahani mama, nimetoka kumwaga zege, nimepigiwa simu nina msiba." Kicheko kilikatika. Hata hivyo, bwana mmoja mwenye tai aliendelea kudai kijana ateremshwe, eti kikwapa chake kinawaumiza watu.

Ndipo mzee mmoja alipomwambia konda afungue kile kijimlango cha darini. Konda akakataa. Alidai kikifunguliwa kiyoyozi hakitafanya kazi! Tulimuuliza, kiyoyozi kipi? Alipoona abiria wamekuja juu, akakifungua. Ndugu Mhariri, hazikupita dakika 10 hewa ikabadilika. Kijana alikuwa pale pale, na nguo zake zile zile, lakini hakuna aliyeziba pua tena. Aliyekuwa anatuumiza siye yeye. Tulikuwa tumefungiwa ndani ya sanduku la vioo.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Basi likinuka sisi abiria hugeukiana na kutukanana, na yule mwenye basi aliyetuuzia baridi isiyokuwapo hakuna anayemgusa. Jasho la mtu aliyetoka kazini halina aibu. Nyumba tunazolala zimejengwa kwa jasho la aina hiyo.

Isitoshe, tunalipia. Katika viwango vya nauli vya LATRA vilivyoanza kutumika Desemba 2023, daraja la kawaida lilipangiwa sh. 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita, na daraja la kati sh. 67.84. Kwa safari ya kilomita 450 hivi, kama ile ya Dodoma, tofauti inakaribia sh. 8,700. Kwa mwananchi wa kawaida hizo si fedha ndogo. Wengi wetu tunazitoa kwa ajili ya kiyoyozi. Kama hakifanyi kazi, tumelipa zaidi ili tupumue vibaya kuliko wenzetu wa basi la madirisha.

Nimeongea na mafundi. Wanasema kiyoyozi cha basi huendeshwa kwa nguvu ya injini, kwa hiyo hula mafuta, na baadhi ya madereva hukizima ili wabane matumizi. Wanasema pia kwamba chujio lisiposafishwa na maji yakituama ndani ya mtambo, kiyoyozi chenyewe huota ukungu na kutoa uvundo. Tena viyoyozi vingi huzungusha hewa ile ile ya ndani. Hupoza hewa, lakini havitoi harufu nje. Na harufu si adha pekee. Wataalamu wa afya hutufundisha kwamba kifua kikuu huenea kwa hewa, na kwamba kufungua madirisha ni kinga mojawapo. Katika basi lisilofunguka, lililojaa watu kwa saa nyingi, kinga hiyo tunaipata wapi?

Sisemi abiria hatuna makosa. Dagaa na samaki wabichi mahali pao ni kwenye buti, tena ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kuvua viatu na kunyoosha miguu kwenye kiti cha mwenzako si ustaarabu. Hata manukato yakizidi ni kero kwa mwenye pumu. Lakini makosa hayo madogo hugeuka mateso pale hewa inapokosa njia.

Kwa hiyo natoa ushauri ufuatao kwa wahusika. Kwanza, kiyoyozi na njia za hewa zikaguliwe kama yanavyokaguliwa magurudumu na breki kabla basi halijaondoka kituoni. Pili, basi lisiruhusiwe kuwa na madirisha yote yasiyofunguka. Hata vidirisha vidogo vya juu vinatosha. Tatu, tiketi iandikwe wazi kama basi lina kiyoyozi, na kikiharibika njiani abiria arudishiwe tofauti ya nauli. Nne, kupakia watu wa kusimama katika safari ndefu kukomeshwe kwa vitendo.

Wenye mabasi nao wazinduke. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, msafiri ana pa kukimbilia. Lakini yuko mwananchi wa Gairo au wa kijijini mbali na reli ambaye hana njia nyingine ila basi. Huyo asiadhibiwe kwa kukosa njia.

Sisi wazee tulisafiri katika mabasi ya madirisha ya kusukuma. Tulikula vumbi, tukafika na nywele nyekundu, lakini tulipumua. Maendeleo ni kuondoa vumbi na kubakiza pumzi.

Na kwa yule kijana fundi, popote alipo, nampa pole ya msiba. Nami namwomba radhi, kwani nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Msafiri Mzee,
Dodoma.