Namba usiyoweza kuikokotoa si ushahidi

Nimeadimika hapa kwa wiki kadhaa, kazi ilinizidi. Leo nimerudi na hasira kidogo, tena hasira ya besiboli. Ndiyo, besiboli ya Marekani. Mechi ya saa moja jioni kule New York huanza saa nane usiku hapa Nairobi, kwa hiyo mchezo huu siutazami sana. Ninausoma kwenye faili.

Faili zenyewe hutoka Retrosheet, mradi ulioanzishwa mwaka 1989 na David Smith, profesa wa biolojia. Watu wa kujitolea wameandika mechi tukio kwa tukio, kwa maandishi matupu. "K" ni mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu. "63" ni mpira uliookotwa na mlinzi namba 6 akamrushia namba 3 kwenye besi ya kwanza. Unapakua bure, unachodaiwa ni kutaja tu ulikozitoa.

Sasa hasira. Kazini kuna jamaa ambaye kila ubishi anaumaliza kwa herufi tatu: WAR. Ni makadirio ya ushindi ambao mchezaji ameiongezea timu yake, kuliko ambao angeuleta mchezaji wa akiba anayepatikana kwa urahisi. Namba moja, mjadala umefungwa. Juzi nikamuuliza: WAR ya nani?

Mchukueni Aaron Nola, mrushaji wa Phillies, msimu wa 2018. Baseball-Reference humpa zaidi ya 9. FanGraphs humpa chini ya 6. Mtu yule yule, mipira ile ile! Sababu ni kwamba FanGraphs huanzia kwenye FIP, ambayo ni hii: homurani mara 13, jumlisha besi za bure na waliogongwa na mpira mara 3, toa straikiauti mara 2, gawanya kwa iningi alizorusha, kisha ongeza namba moja isiyobadilika kwa msimu huo. Baseball-Reference huanzia kwenye mikimbio aliyofungwa kweli, halafu humpa nafuu kwa sababu walinzi waliokuwa nyuma yake walikuwa wabovu.

FIP nimeikokotoa mwenyewe. Programu fupi tu, jioni moja, na majibu yakalingana na ya tovuti. Nikaenda kwenye ile nafuu ya walinzi, nikagonga ukuta. Hesabu yake hutegemea data ya kampuni binafsi iliyoketi ikatazama kila mpira uliopigwa. Maelezo ya njia yao yapo wazi, lakini data ghafi huwezi kuipakua. Kamera za Hawk-Eye, zilizofungwa kwenye viwanja vya ligi kuu kwa msimu wa 2020, nazo vilevile: ligi hutupa bure kasi ya mpira na mzunguko wake, jambo ninalolishukuru. Lakini mahali alipokuwa kila mlinzi kila sekunde hatupewi. Tunapewa jibu lililokwisha kupikwa.

Mtaniambia ni mchezo tu. Si mchezo tu. Makubaliano ya kazi ya Machi 2022 yaliunda mfuko wa dola milioni 50 kwa msimu kwa wachezaji wachanga, ambao mishahara yao bado ni midogo. Sehemu huenda kwa washindi wa tuzo, na inayobaki hugawiwa kwa WAR iliyokubaliwa na ligi pamoja na chama cha wachezaji. Yaani hiyo ni fomula ya mshahara. Mimi nikiandika programu ya mishahara halafu nimwambie mhasibu kwamba data ya kuingiza haonyeshwi, nitafukuzwa kazi kabla ya chai ya saa nne, na itakuwa haki.

Tena tukumbuke elimu hii ilikotoka. Bill James alikuwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha maharagwe huko Kansas alipojichapishia kijitabu chake cha kwanza, mwaka 1977, kwa takwimu za magazetini. Kumbukumbu za tukio kwa tukio hazikuwa wazi kwa umma, hivyo mwaka 1984 aliwaita mashabiki waandike mechi wenyewe. Mwaka 2003 Red Sox walikuwa wamemwajiri. Mtu wa nje aliwasahihisha wataalamu kwa sababu namba zake zingeweza kukaguliwa na yeyote mwenye kalamu.

Sisemi tuache hesabu tutazame kwa macho. Macho yangu saa nane usiku hayana faida kwa mtu. Klabu nazo zibaki na siri zao. Ila data inayoamua mshahara wa mtu itolewe yote, hata kama ni baada ya msimu kuisha.

Mpaka siku hiyo, mtu akikutupia WAR mwulize mambo mawili: ya nani, na umeikagua? Jamaa yangu wa kazini bado hajanijibu.

Haya, tutaonana.