BBS si mchezo wa wazee, ni somo la umiliki

Kuna vijana bado wanaunda BBS za kupigiwa simu kwa modemu, na kila nikiwataja jibu ni lilelile: "Kwani hawajui kuna intaneti?" Wasee, chekeni polepole. Hao watu wameelewa kitu ambacho sisi wa magrupu ya WhatsApp hatujaelewa.

Kwa wale hawajui, BBS ni kompyuta ya mtu, nyumbani kwake, imeshikana na laini ya simu. Unapiga, inajibu, unasoma ujumbe, unaacha wako, unakata, mwingine anaingia. Ward Christensen na Randy Suess waliwasha ya kwanza huko Chicago, Februari 16, 1978, ili wenzao wa klabu ya kompyuta wapate ubao wa matangazo. Modemu ilipitisha biti 300 kwa sekunde, yaani kama herufi 30. Polepole, lakini mashini ilikuwa yao.

Na msiniambie ati hayo ni mambo ya wazungu. Mwaka wa 1984 Tom Jennings alianzisha FidoNet, ambapo BBS zilipigiana usiku, simu zikiwa bei nafuu, na kubadilishana barua. Mapema miaka ya 1990, kabla intaneti kamili ifike Kenya, mashirika ya Nairobi yalituma barua pepe hivyo hivyo, yakipitia GreenNet ya London.

Sasa tuingie kwa hifadhidata ya pamoja, juu hapo ndipo kuna kazi. Ukiwa na laini moja hakuna shida. Ukiongeza ya pili, watu wawili wanafungua rekodi moja, wote wanabadilisha, wote wanahifadhi. Wa mwisho anafuta kazi ya wa kwanza bila kujua. Kwa hivyo mwenye BBS lazima afunge rekodi: mmoja akiandika, mwingine anangoja. Pia lazima aamue nani anasoma tu, nani anaandika, nani anaweza kufuta, na nakala ya akiba iko wapi.

Hebu uliza chama chako maswali hayo manne. Utasikia kimya. Michango iko kwa simu ya mweka hazina. Simu ikiibiwa kwa matatu, historia ya chama imeshuka stage hiyo hiyo. Admini akikasirika, anakutoa, na ushahidi wako wote unabaki ndani. Halafu tunajiita kizazi cha dijitali!

Najua mtasema laini za mezani karibu ziishe. Ni kweli. Na simu za mkononi zinabana sauti hadi modemu ya zamani haielewi kitu. Lakini modemu si hoja yangu. Synchronet ni programu ya BBS ya bure, na inaweza kukaa kwa Raspberry Pi. SQLite pia ni ya bure: inaruhusu wengi kusoma, mmoja kuandika kwa wakati mmoja. Shikanisha na Wi-Fi ya ploti, watu waingie kwa SSH, si telnet, juu telnet haifichi nywila. Hata intaneti ikipotea kama tulivyoona Juni 25, 2024, majirani bado wanasoma ubao wao.

Sisemi mfute WhatsApp. Pigeni stori huko, tumeni stika, hakuna shida. Lakini daftari la pesa, orodha ya wapangaji waliodhulumiwa deposit, rekodi za maji ya mtaa, hizo si stori. Zinahitaji mashini mnayoijua, sheria mlizokubaliana, na zaidi ya mtu mmoja mwenye funguo.

Kwa hivyo ukiona kijana amekesha na modemu kuukuu, usimuulize kama amepotea. Muulize kama anaweza kuja kufundisha chama chenu.