Neno la Mwalimu: Kifaa kinachoona polisi hakioni mtoto



Juma hili swali limetoka katika kikundi chetu cha akiba. Mume wa mwenzetu alinunua gari lililotumika Ujapani. Karibu na kioo cha mbele wakakuta kifaa kidogo. Kijana mmoja akawaeleza kwamba kinanasa mawimbi ya radari ya polisi na kulia, ili dereva apunguze mwendo asiandikiwe faini. Mwenzetu akauliza: je, sheria inakiruhusu?

Inategemea nchi. Ujapani kinauzwa madukani. Marekani, majimbo mengi yanakiruhusu katika gari ndogo za watu binafsi, lakini Virginia inakikataza. Ufaransa ni marufuku: faini inaweza kufika euro 1500, dereva anapoteza pointi 6 za leseni, na kifaa kinachukuliwa.

Na sisi hapa Mubambiro? Katika barabara ya Goma–Sake, kifaa chetu ni taa. Dereva anawasha mara mbili kumwonya mwenzake kwamba polisi wako mbele. Tanzania nako madereva wanafanya hivyo wakiona askari mwenye “tochi”, ndiyo mashine ya kupima mwendo. Dereva anapunguza, anapita, kisha anakimbia tena, pengine pale pale watoto wetu wanapovuka kwenda masomoni.

Tufanye hesabu kidogo. Gari la kilomita 60 kwa saa linapita zaidi ya mita 16 kwa sekunde moja. Kabla mguu wa dereva haujafika kwenye freni, mtoto amekwisha kufikiwa.

Sheria yetu ya barabara, ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978, inamtaka dereva apime mwendo wake kulingana na barabara na watu waliomo. Haisemi apunguze akiona polisi tu.

Basi, wamama, tukipanda pikipiki na mtoto, tusione haya kumwambia motari: “Baba, pole pole.” Wenye waume au vijana madereva, tuzungumze nao nyumbani. Na watoto tuwafundishe kusimama kando, kutazama kushoto, kulia, kisha kushoto tena, ndipo wavuke bila kukimbia.

Mwenzetu tumemshauri wakiondoe kifaa kile. Polisi akikosa kumwona dereva, ni faini imepotea. Dereva akikosa kumwona mtoto, ni sisi tutakaolia.