Mhadhiri Naye Akubali Kufundishwa

Ndugu zangu wahadhiri, heshima yenu kwetu ni kubwa. Mzazi wa Pongwe au wa Muheza huuza hata mbuzi wa mwisho ili mwanawe aje akae mbele yenu. Kwa sababu hiyo sitamung'unya maneno. Mnaitwa kwenye mafunzo ya mfumo wa kufundishia mtandaoni, mnasaini mahudhurio, mnakula, mnapokea posho, kisha mfumo hamuufungui tena mpaka semina nyingine. Hiyo ni aibu.

Tanga yetu inaitwa Waja Leo Waondoka Leo, na jina hilo tumelipenda likiwahusu wageni. Sasa limehamia kwenye elimu: mafunzo yaja leo, yaondoka leo. Kesho yake mhadhiri yuleyule anampa kiongozi wa darasa desa moja alipeleke stashenari, wenzake wapange foleni kutoa kopi kwa fedha zao. Kazi zinaletwa kwa karatasi, karatasi zinapotea ofisini, na mwisho wa muhula mtoto wa watu anaambiwa hana alama.

Wala mifumo hii ya mtandaoni si migeni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipitia WebCT na Blackboard, mifumo ya kununua, kabla ya kuhamia Moodle, ambayo Martin Dougiamas wa Australia aliitoa mwaka 2002 na ambayo chuo chochote huichukua bure. Mkongo wa Seacom ulitua Dar es Salaam mwaka 2009. Machi 2020 corona ikafunga vyuo vyote nchini mpaka Juni 1, na aliyekuwa ameupuuza mfumo hakuwa na pa kukutania na wanafunzi wake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi tumeumwa, na bado hatushtuki!

Watazameni akina mama wauza samaki wa Deep Sea hapa Tanga. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 hakuna aliyewaita hotelini kuwapa bahasha. Walijifunza wenyewe kuweka namba ya siri, kutuma, kupokea, na kumtambua tapeli kwa ujumbe wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao waliinama. Kuuliza si ujinga, nao waliuliza hata watoto wao. Je, mwenye shahada ya uzamivu ashindwe kufungua kozi, kupakia mhadhara na kuweka tarehe ya mwisho ya kazi? Hawezi kushindwa. Hataki kuonekana hajui, basi.

Najua umeme hukatika na bando ni ghali. Lakini programu ya Moodle ya simu humwezesha mwanafunzi kupakua somo akiwa penye mtandao, akalisoma baadaye bila bando. Mfikirieni mwalimu wa shule ya msingi kule Kilindi aliyejiunga na Chuo Kikuu Huria, chuo kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama yeye, wasioweza kuacha kazi wakakae bwenini. Kituo cha chuo hicho kiko Tanga mjini. Apande basi hadi Handeni, apande jingine hadi Tanga, aombe malazi kwa ndugu, kwa ajili ya karatasi ambayo ingemfikia palepale shuleni kwake? Elimu ni amana, na sisi wa msikitini na wa kanisani tunajua kwamba mwenye amana ataulizwa.

Na nikirudi kwenye mafunzo yenyewe, siwezi kunyamaza juu ya mgeni rasmi. Mafunzo yamepangwa saa tatu asubuhi. Watu wamekaa, kompyuta zimewashwa, kijana wa TEHAMA yuko tayari, lakini hapafundishwi neno mpaka mkubwa afike, naye anafika saa sita. Inafuata risala, utambulisho wa meza kuu, hotuba, picha ya pamoja, chakula. Kijana wa watu anaachiwa dakika arobaini za mwisho, watu wanasinzia, kisha inasemwa mfumo ni mgumu. Hata visima vijijini hufungwa vikimsubiri mkubwa akate utepe, huku wanawake wamesimama na ndoo tupu! Ngoja ngoja huumiza matumbo. Viongozi wetu, tunajua mnaipenda elimu. Tumeni salamu fupi, mafunzo yaanze saa tatu.

Nirudi kwa wahadhiri. Kwa mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, taifa limechukua mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Humo mna majengo, ikiwamo kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe huko Mkinga, na humo mna TEHAMA na mafunzo yenu. Atakayeulipa ni mkulima wa machungwa wa Muheza na mkata mkonge wa Korogwe. Kwa hiyo wakuu wa vyuo, posho ilipwe kozi ikishafunguliwa, si jina likishaandikwa. Mkuu wa idara aingie mwenyewe kwenye mfumo wiki ya pili ya muhula, aone kozi ipi ina masomo na ipi ni jina tupu. Wahadhiri vijana, ninyi mnaoujua mfumo, kaeni na wakubwa wenu ofisini bila dharau mpaka mkono uzoee. Nanyi wazee wetu, mliowafundisha hao vijana, wapisheni kwa muda kiti cha mwalimu, muhula ujao wanafunzi wawakute mmekwisha kuingia.