Mlango wa Seva ya Kanuni Usiachwe Wazi

Katika idara na makampuni mengi siku hizi, maamuzi yaliyokuwa yakitolewa na karani kwa kalamu sasa hutolewa na kompyuta. Mwombaji aliye chini ya umri wa miaka 18 asipewe mkopo. Mwenye deni asiongezewe deni: kanuni za namna hii huandikwa mahali pamoja, nje ya programu nyingine, na kukabidhiwa injini ya kanuni. Drools, iliyoanzishwa mwaka 2001, ni mojawapo ya injini hizo.

Kanuni zenyewe hujadiliwa sana. Anwani ya huduma, ambayo kwayo programu nyingine huiuliza injini kupitia mtandao, haijadiliwi. Katika KIE Server, seva iliyoandamana na matoleo ya 7 ya Drools, anwani hiyo kwa kawaida huishia na /kie-server/services/rest/server. Fundi huinakili kutoka kitabuni, huiona ikijibu katika mashine yake, kisha hudhani kazi imekwisha. Sisi tunasema kwamba kazi ndiyo kwanza imeanza.

Kwanza, anwani haina budi kuwa ya kweli. Seva hii humwarifu msimamizi wake mahali ilipo kwa mpangilio uitwao org.kie.server.location. Humo likiachwa neno localhost, ambalo maana yake ni "mashine hii hii", msimamizi aliye katika mashine nyingine atajitafuta mwenyewe, na seva itahesabiwa kuwa imekufa ilhali i hai. Askari anayearifu makao makuu kwamba yuko "hapa" hajaarifu lolote.

Pili, anwani idumu. Kanuni hubadilika kila sera inapobadilika; lakini namba ya toleo ikiwa ndani ya anwani, kila badiliko litazivuruga programu zote zinazoitumia. Dawa yake ni lakabu. Programu ziite "mikopo" tu, na seva ndiyo ijue kama kanuni zinazotumika ni za toleo la 1.0 au la 1.1.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, mlango uwe na mlinzi. Kupitia anwani hiyo hiyo mtu huweza si kuuliza tu, bali hata kuziondoa kanuni zilizopo na kuweka nyingine. Nalo jina la mtumiaji na neno la siri la awali vimechapishwa katika vitabu vya maelekezo, ambavyo adui naye anavisoma. Vibadilishwe kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Mawasiliano yapite kwa HTTPS. Na mashine zisizohusika zizuiwe kabisa kuifikia seva.

Wapo watakaosema kwamba haya yanachelewesha kazi. Hatukubaliani nao. Mwananchi anayenyimwa haki yake na kompyuta haioni seva, wala hana pa kuihoji. Ikiwa kanuni zimebadilishwa usiku na mkono usiojulikana, karani atamwambia asubuhi kwamba "mashine imekataa", na shauri litaishia hapo.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wakuu wa idara: kila anwani iandikwe katika daftari, pamoja na wanaoruhusiwa kuitumia na afisa mmoja anayewajibika nayo. Mlango usio na mwenyewe haulindwi na mtu.