Golikipa aliyehamia bungeni
Wanamichezo wengi huomba kura kwa mtaji wa jina tu. Ken Dryden alikuwa na shahada ya sheria pia. Golikipa huyu wa hoki ya barafuni, maarufu kwa kuegemea gongo lake mchezo unapokuwa upande wa pili, alitwaa Kombe la Stanley mara 6 na timu ya Montreal Canadiens. Msimu wa 1973–74, akiwa kileleni, aligomea mkataba akaenda Toronto kufanya mafunzo ya uwakili. Hebu mshauri hivyo nyota wa leo! Mwaka 2004 wapiga kura wa jimbo la uchaguzi la York Centre, Kanada, walimchagua kuwa mbunge kwa tiketi ya chama cha Liberal, akapewa uwaziri wa maendeleo ya jamii. Hapo ndipo alipotoa jasho: alijadiliana na majimbo yote 10, moja baada ya jingine, mpaka yakakubali mpango wa vituo vya kulelea watoto wadogo. Stephen Harper alipoingia madarakani kama waziri mkuu 2006 akaufuta, akawapa wazazi dola 100 kwa mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka 6. Dola 100 hazijengi kituo. Dryden alishindwa uchaguzi wa 2011 na kufariki Septemba 2025; mpango unaofanana na wake ulirejeshwa na serikali ya Liberal mwaka 2021.