Ukipakua kwa torenti, unagawa pia

Na Rehema Kisanga

Vijana wa vyuo huniuliza programu ipi ya torenti ni nzuri. Jibu langu ni qBittorrent: ni ya bure, haina matangazo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. uTorrent ilipendwa kwa wepesi wake, lakini mwaka 2015 watumiaji walikuja juu baada ya kukuta imeletwa pamoja na programu ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa nguvu ya kompyuta zao. Hata programu inayoaminika huingiliwa. Machi 2016 wahalifu walipenyeza toleo bovu la Transmission kwenye tovuti yake rasmi, likiwa na kirusi cha kufunga mafaili ya kompyuta za Mac na kudai malipo.

Wanaouliza hivyo, hata hivyo, huwa hawaniulizi torenti yenyewe inafanyaje kazi, na hatari kubwa iko hapo. Faili halitoki sehemu moja. Limegawanywa vipande vidogo, na kila anayelitaka anapokea vipande kutoka kwa wenzake huku akiwapa alivyokwisha kupata. Filamu ikiwa haijafika hata nusu, laptopu yako tayari inaigawa kwa watu usiowajua. Bando linaliwa pande zote mbili. Na anwani ya IP unayotumia inaonekana kwa wote waliomo, akiwemo mchunguzi aliyetumwa na mwenye filamu. Ukisema unaangalia tu chumbani kwako, rekodi zitaonyesha umegawa.

Mama mmoja wa jimbo la Minnesota, Marekani, alishtakiwa na kampuni za muziki kwa nyimbo alizoshirikisha kupitia Kazaa, programu nyingine ya kugawiana mafaili. Mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama liliamua alipe dola 222,000 kwa nyimbo 24, yaani dola 9,250 kwa kila wimbo. Kesi ilisikilizwa upya, na wakati fulani fidia ikapanda hadi dola milioni 1.92, kabla ya mahakama ya rufaa kurudisha ile ya kwanza mwaka 2012. Kampuni hazikuhitaji kuthibitisha kwamba aliuza hata wimbo mmoja.

Wengi hudhani hayo ni ya Wamarekani. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kutumia kompyuta kwa nia ya kukiuka haki miliki. Asiyefanya biashara anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Mwenye kibanda cha kuwaingizia watu filamu kwenye flashi yuko kwenye fungu la biashara: shilingi milioni 20 au miaka mitano, na hapo ndipo adhabu inapoanzia. VPN inaficha anwani, haifuti kosa. Na tangu Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) inataka wanaoitumia watoe taarifa.

Torenti yenyewe si haramu, na kwa mtandao wetu ni msaada mkubwa. Ubuntu na LibreOffice hutolewa kwa njia hiyo na wenyewe. Umeme ukikatika katikati, upakuaji unaendelea ulipoishia, na kila kipande kinahakikiwa kinapofika. Mwanafunzi anayetaka programu bila kuiba anaweza kuanzia hapo.

Mtayarishaji wa filamu aliyekopa ili akamilishe kazi yake ana haki ya kulindwa, na ninaunga mkono sheria inayomlinda. Ninachopinga ni kiwango cha chini kinachomfunga hakimu mikono. Aliyepakua filamu moja ya kuangalia usiku na aliyejaza diski nzima wanaanzia milioni 5 zilezile. Bunge liondoe maneno "isiyopungua" kwa wasiofanya biashara, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipite vyuoni kueleza kifungu hiki kabla polisi hawajaanza kukitumia huko.